Mtafsiri Aliyeongeza Maneno

Mwishoni mwa mwaka jana, wakati wa chai ya saa nne, mwalimu mmoja kijana aliyehamishiwa shuleni kwetu hapa Bagamoyo alituanzishia mchezo. Kila mtu ataje kitu alichokipenda kuliko vyote, kwenye televisheni, redio au simu, kwa miaka kumi iliyopita. Mwalimu wa hesabu akataja fainali ya mpira, akatusimulia goli kwa goli mpaka chai ikapoa. Mwalimu wa Kiingereza akataja filamu iliyopewa tuzo huko kwa wenyewe, ambayo hakuna mwingine chumbani aliyeiona, kwa hiyo hakuna aliyeweza kumbishia. Kijana mwenyewe akataja wimbo wa singeli na kuuchezea hapo hapo kwenye kiti. Zamu yangu ilipofika nikasema tamthilia ya Kikorea, tena iliyotafsiriwa na yule jamaa anayeongea peke yake. Walicheka mpaka mmoja akapaliwa na kitumbua.

Nikanuna, sikatai. Mimi ni mtu wa kununa, mke wangu atakuthibitishia bila kuulizwa mara mbili. Lakini kununa kwangu siku ile hakukuwa kwa sababu ya kuchekwa. Ni kwa sababu sikuweza kuwaeleza pale pale, kwa dakika za chai, kwa nini nimeitaja hiyo na si nyingine. Nimekaa nalo jambo hili tangu hapo, na sasa naliandika.

Kwa aliyekulia mbali na mambo haya, nieleze. Filamu inatoka ng'ambo, iwe Korea, Uhindi au Ufilipino. Inafika Dar es Salaam. Huko mtu mmoja anajifungia chumbani na kipaza sauti, anapunguza sauti za wenyewe, kisha anaongea juu yake kwa Kiswahili kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Yeye ndiye bibi kizee, ndiye askari, ndiye mtoto mchanga, na mlango ukilia yeye ndiye mlango. Hatafsiri tu, anakuwa kama jirani aliyekaa nawe kwenye mkeka. Shujaa akipanda basi kwenda kijijini atakwambia kaka mtu huyo anaelekea zake Chalinze. Wakila tambi atakwambia wanakula, ila hazina nazi. Msichana akimpenda mwanamume asiyefaa, jamaa anashusha pumzi na kusema, "Hapo mimi simo." Zamani tulizinunua kwenye CD, zikaja flashi, siku hizi unapeleka kadi ya simu kibandani na kijana anakujazia.

Ana kasoro zake na mimi ndiye wa kwanza kuzitaja. Vikongwe wake wote wanakohoa. Anaongea juu ya muziki mzuri, akaufunika wote. Akichoka, mtu anaongea maneno mengi kwenye kioo na yeye anasema "kakubali" basi. Wala nisionekane kwamba sina kingine ninachokipenda. Lipo igizo la redio la mchana lenye yule mke na mawifi zake, ambalo kwa ajili yake nimewahi kuchelewa kikao. Ipo tamthilia ya Kituruki iliyoingizwa sauti kitaalamu, kila mtu na sauti yake, ambayo nyumbani kwangu ikianza huruhusiwi hata kuuliza chumvi iko wapi. Ipo pia saa moja ya taarabu za zamani siku za Ijumaa. Vyote hivyo navipenda. Lakini hakuna hata kimoja kati yake kilichonifanya nitoke nyumbani kwangu niende kugombana na watu.

Anayeniletea tafsiri hizi ni shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa. Ni fundi wa injini za boti pale Mbegani, mtu mfupi, mcheshi, ambaye grisi haimtoki kwenye kucha hata siku ya Idi. Ana kipaji cha kuiga sauti. Akienda kwenye kikao cha mtaa anarudi na kikao kizima mdomoni, mwenyekiti na kikohozi chake, mjumbe na kigugumizi chake, na mimi pia ananiiga, mbele yangu, jinsi ninavyokoroma maneno ya mwisho kila sentensi nikiwa nimekasirika. Watu huvunjika mbavu. Mimi huondoka.

Baba yetu aliishi kwao miaka yake ya mwisho. Presha ya macho ilimla taratibu, mpaka akawa anaona mwanga tu, baadaye hata mwanga haupo. Lakini baba alikuwa mtu wa filamu tangu ujana wake, hakukubali kuachishwa. Basi shemeji akirudi kazini anaoga, anakaa kitini ubavuni pa mkwewe, anamweleza: huyu kaingia, kavaa shela nyekundu, yule anamwangalia kwa jicho la pembeni, baba, huyu anadanganya huyu. Baba alikuwa akisema tangu apofuke ndipo anaelewa filamu.

Wakati huo mimi nafundisha Kigoma. Yapata miaka saba sasa. Nikapigiwa simu kwamba baba amezidiwa, nikaomba ruhusa, nikapanda basi. Siku zile mabasi hayakuruhusiwa kwenda usiku, kwa hiyo tulilala Singida, ndani ya basi, miguu imevimba. Alfajiri simu ikaita. Nilijua kabla sijapokea. Nilichomwambia dada yangu ni neno moja tu, mningoje. Naye akanijibu, "Njoo salama." Nililiweka lile jibu moyoni kama ahadi, na safari nzima nikawa nalishikilia.

Wajomba zangu, nilikuja kuambiwa baadaye, walikuwa tayari kumlaza maiti mpaka kesho yake asubuhi kwa kuwa mtoto wa kiume pekee yuko njiani. Sisi huku tunapenda kuharakisha maziko, na dini inatuhimiza hivyo, lakini mtoto akiwa njiani watu hutazamana na kushauriana. Wakamuuliza dada, maana yeye ndiye mkubwa na baba amefia mikononi mwake. Dada akasema azikwe baada ya adhuhuri.

Nilishuka Chalinze, nikapata gari dogo linalopitia Lugoba na Msata kuja huku kwetu. Pale Lugoba tairi likapasuka. Nikiwa nimesimama kando ya barabara nikampigia shemeji kumwambia nimekaribia. Mtu yule ambaye hajawahi kukosa neno alinyamaza mpaka nikadhani mtandao umekata. Kisha akasema, "Shemeji, tumeshamstiri."

Nataka nieleweke hapa. Mwanangu, ambaye amezaliwa juzi na kusoma mjini, aliwahi kuniuliza tofauti iko wapi, mtu si ameshakufa. Tofauti ni hii. Kwetu mtoto wa kiume ndiye anayeingia kaburini. Unashuka ndani, unanyoosha mikono, unapokea mwili wa baba yako kutoka kwa watu walio juu, unamlaza ubavu, unamwelekeza kibla, unamfungua kamba za sanda. Ndiyo kazi ya mwisho anayokuachia. Mimi sikuifanya. Aliyeshuka kaburini siku ile ni shemeji, fundi wa injini, wakati mimi bado nimo ndani ya basi, hata Chalinze sijafika.

Niliwasili magharibi. Nikakaa na wanaume barazani, nikapokea pole, nikaitikia dua. Kwa dada sikusema kitu, si siku ile wala zilizofuata. Hatukupigana. Sisi si watu wa kurushiana maneno uani. Nilihamishiwa Bagamoyo mwaka uliofuata, tukawa tunakutana harusini, kwenye maulidi na kwa wagonjwa, tunaulizana hali, watoto hawajambo, hawajambo, basi. Nikiwa na ujumbe wa kumpelekea nitasimama mlangoni, nitausema, nitageuka. Yeye naye si mtu wa kubembeleza. Tumetoka tumbo moja na ukaidi tumegawana sawasawa.

Shemeji peke yake ndiye aliyekataa kuujua ugomvi. Kila Jumapili alikuja kwangu na filamu mfukoni, tukaangalia wote, akala, akaniiga, akaondoka. Hakunitajia jambo lile hata mara moja, na mimi nilimshukuru kwa hilo kimoyomoyo.

Halafu akaniletea hiyo tamthilia. Aliisifia mno kuliko kawaida yake, akaniambia nisiiachie njiani hata ikinichosha. Na kweli mwanzo ulinichosha. Ni familia ya wafinyanzi wa mitungi katika kijiji cha milimani. Baba mjane, binti mkubwa, kijana mdogo. Kijana anautoroka udongo, anakwenda kufanya kazi melini. Binti anabaki na mzee, anazeeka akikanda udongo, wachumba wanakuja na kuondoka. Jamaa yetu wa kutafsiri alikuwa kwenye ubora wake. Kila mchumba alimpa kabila lake, mmoja akamfanya mtu wa Miono aliyekuja kuposa na jogoo. Tulicheka sana, mimi na mke wangu na shemeji.

Kisha mzee anafariki na kijana anachelewa. Anafika kijijini theluji imeanguka, anamkuta dada yake amesimama kwenye kichuguu cha kaburi. Hapo mtafsiri aliacha mzaha. Sijawahi kumsikia akiongea taratibu vile. Dada mtu akamgeukia mdogo wake, na sauti ya yule jamaa, nzito, ya kiume, yenye mafua kidogo, ikasema:

"Mdogo wangu, usidhani sikukungoja. Nilikungoja moyoni, lakini watu walinizidi nguvu. Kila chepe la udongo lililoanguka, nililitaja jina lako."

Niliinuka nikasema naenda kuwatazama kuku. Kuku wenyewe walikuwa wameshalala. Nilisimama bandani nikalia, na niseme ukweli sikulia kiungwana, nililia kama mtoto aliyeachwa gulioni. Niliporudi, mke wangu hakuniuliza kitu na shemeji alikuwa anajifanya anatafuta kiatu chake.

Siku zilizofuata niliirudia ile sehemu nikiwa peke yangu. Nikaanza kujijengea. Nikajiambia kumbe huenda na dada yangu walimzidi. Wajomba wanapenda kusema wao walitaka kungoja, lakini nani anajua walimwambia nini pale uani, mwanamke mmoja kati ya wazee wenye haraka zao. Yeye hata chepe hakuliona, maana wanawake kwetu hawaendi makaburini, wanabaki nyumbani na jeneza linatoka wakiliangalia. Nikamwonea huruma. Kwa mara ya kwanza tangu baba afe nikamwonea huruma dada yangu. Ningekuwa mtu mwenye akili timamu ningekwenda kwake siku ile ile. Lakini mimi nilichofanya ni kumngoja yeye. Nilijua maneno yake sasa, nilishayasikia, nikawa nasubiri aje anisemee mwenyewe.

Hakuja, bila shaka. Hakujua hata kama anasubiriwa.

Likizo ikafika, binti yangu akaja kutoka chuoni na simu yake iliyojaa kila kitu. Nikamuuliza kama anaijua tamthilia ya wafinyanzi. Akaniambia anayo, lakini ile ya asili, sauti zao wenyewe na maandishi ya Kiingereza chini. Nikamwomba anitafutie pale kaburini. Nilitaka kuisikia sauti halisi ya yule dada akisema yale maneno, nilidhani yatakuwa mazuri zaidi.

Hakuyasema. Yule mwanamke alimtazama mdogo wake muda mrefu, theluji inaanguka. Akamkung'uta mabega. Maandishi yakasema amechelewa, kisha yakasema twende ndani, kuna baridi. Wakaondoka. Nikamwambia binti yangu arudishe nyuma, labda kuna mahali pamerukwa. Akarudisha. Akarudisha tena. Hakuna kungoja moyoni, hakuna watu waliomzidi nguvu, hakuna jina wala chepe. Jamaa aliyatoa kichwani mwake, huko Dar es Salaam, chumbani kwake, kwa sababu aliona mahali pale pamekaa kimya.

Nilihisi nimepigwa changa la macho, tena na mtu nisiyemjua hata sura. Nimewalilia kuku kwa maneno ya kubuni. Lakini kilichonikera zaidi ni kwamba nilishaanza kumsamehe dada yangu kwa maneno hayo, na sasa nitafanyaje, niurudishe msamaha?

Kesho yake nilikwenda Mbegani. Nilimkuta shemeji kwenye kibanda chake cha kazi, amefungua injini ya boti na vyuma vyake amevipanga juu ya gunia. Nikamwaga yote. Nikamwambia yule mtu wake ni mwongo, anapiga chuku, anawatia watu maneno midomoni wasiyoyasema, na serikali ingekuwa na kazi ingemnyang'anya kipaza sauti. Shemeji alinisikiliza huku anafuta chuma kimoja kwa kitambaa. Hakuniiga. Hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Nilipomaliza akaniambia tamthilia ile ilitafsiriwa na watu wawili. Yupo mwingine, mtu wa Temeke, anafuata neno kwa neno, haongezi wala hapunguzi. Yeye shemeji alizisikiliza tafsiri zote mbili kabla ya kuja kwangu.

"Nilikuletea huyu makusudi," akasema.

Nikamuuliza makusudi ya nini. Akasema alitaka nisikie dada mtu akiongea, kwa kuwa wangu haongei. Basi nikajiona nimeshinda. Nikamwambia kumbe kweli, kumbe walimzidi nguvu siku ile. Akatikisa kichwa, wala sikujua kama ni kukubali au kukataa, akasema maneno hayo si yake kuyatoa, ni ya mkewe. Kisha akaniambia kitu ambacho sikukitegemea. "Ukienda, usimuulize habari ya maziko. Muulize habari ya jioni ile kabla." Akarudi kwenye injini yake kama vile mimi nimeshaondoka.

Nilifika kwa dada baada ya alasiri. Alikuwa amekaa ukumbini kwenye mkeka, anadarizi kofia, kazi ambayo amejifunza kwa mama na vidole vyake vinaifanya bila macho kutazama. Nikamwamkia, akaitikia. Nikasimama pale pale pangu mlangoni. Akasema leo nikae, shingo inamuuma kunitazama juu. Nikavua viatu nikakaa.

Sikumuuliza kama nilivyoelekezwa. Nilianza na filamu. Nilimsimulia mitungi, meli, mchumba mwenye jogoo, na ile theluji, nikafika kaburini nikamtajia maneno ya mtafsiri yote, sikubakisha. Moyoni nilikuwa namfungulia mlango apite. Nilitaka aseme tu ndiyo, na mimi ilikuwa hivyo. Angesema, tungemaliza.

Dada hakuacha sindano. Akasema mwanamke huyo wa filamu ana maneno matamu kuliko yeye. Akasema hakuna mtu aliyemzidi nguvu. Wajomba walikuwa tayari kungoja, hata shehe alisema hakuna ubaya, maiti alale mpaka asubuhi.

"Ni mimi niliyesema azikwe. Wakiniuliza leo nitasema vile vile."

Hasira zilinipanda mpaka masikioni. Nilianza kuvuta kiatu. Kilichonizuia ni kwamba nilimwona vidole vyake, vile visivyohitaji macho, vimekosea tundu, na kukosea tena. Ndipo nikakumbuka niliyoambiwa Mbegani. Nikamuuliza ilikuwaje jioni ile kabla ya baba kufa.

 Akauliza, "Hakukwambia? Miaka yote hii anakuja kwako kila Jumapili, hakukwambia?"

Nikasema hakuniambia chochote.

Akaiweka kofia chini. Akanieleza kwamba siku ile baba tangu mchana alikuwa ananiulizia. Kafika wapi, kafika wapi. Wakamwambia yuko njiani. Baada ya magharibi pumzi zikaanza kubadilika, dada akajua hatafika asubuhi, na baba mwenyewe akajua, akawa anasema atanisubiri. Alikuwa anapigania kila pumzi kwa sababu yangu. Maji hataki, dua haitikii, anasubiri. Dada akasema hajawahi kuona mtu anateseka kwa kungoja namna ile. Mimi wakati huo nimelala Singida kwenye kiti cha basi.

Basi akatoka uani akamshika mumewe mkono. Akamwambia aingie kwa miguu yangu, mizito kama ninavyotembea, na aongee kwa sauti yangu.

Shemeji aliingia. Akabisha hodi kama mimi. Akapiga goti kitandani, akamwambia baba nimefika, safari ilikuwa mbaya, basi lilituchelewesha, na akakoroma maneno ya mwisho kama ninavyokoroma. Baba akampapasa uso. Dada akasema pale roho yake ilisimama, maana uso wa shemeji na wangu ni mbali kabisa. Lakini baba akatulia. Akamshika mkono, akamwusia mambo, akatuombea dua mimi na watoto wangu kwa majina, mmoja mmoja. Shemeji anaitikia amina kwa sauti yangu na machozi yanamshuka hana wa kuyafuta. Baba alikata roho alfajiri, mkono umo ndani ya mkono.

 Nje mtu alipita anauza mahamri, akaita, hakuna aliyemjibu.

"Asubuhi wakaniuliza tumngoje mwanawe wa kiume," dada akasema. "Niwajibu nini? Baba alikuwa ameshakuona. Alikwishaagana na wewe. Ningemlaza juu ya ardhi usiku mzima kwa ajili ya nani?"

Kwa ajili yangu, nilitaka kusema. Lakini nilijua namna litakavyosikika, nikalimeza.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia, kwa nini ameniacha miaka yote hii nimchukie.  Akasema mwanzo aliogopa kwa Mungu, kwamba amemdanganya mzazi anakata roho, hakujua kama hilo linasameheka, na mpaka leo hajui. Kisha akasema lililo kubwa zaidi kwake.

"Niliogopa utasema nimekunyang'anya baba mara mbili. Kaburini, na kitandani."

Nadhani miaka sita kabla, au mitatu, ningesema hivyo hivyo. Hata pale kwenye mkeka niliona wivu, niukiri. Kuna dua za baba yangu zilizotiwa kwenye mkono wa mtu mwingine. Kuna usia ambao ilibidi nije kuuomba kwa shemeji yangu, naye amenipa, neno kwa neno, kwa sauti ya baba safari hii, na sitauandika hapa. Na kuna jambo moja ambalo bado linanisumbua ninapokuwa peke yangu. Uso wa shemeji na wangu ni mbali kabisa, na vidole vya kipofu havidanganyiki kirahisi. Sijui kama baba alidanganyika, au aliwaonea huruma akakubali. Dada anasema alidanganyika. Shemeji, nilipomuuliza, alisema hajui, na ndiyo mara ya pili maishani kumwona hana la kuongeza.

Lakini hayo ni ya baadaye. Siku ile nilimuuliza dada swali moja tu lililokuwa limebaki. Nilimuuliza baba, alipodhani mimi nimefika, alisema nini kwanza.

Dada alianza kucheka, kisha kicheko kikamgeukia, akajifuta kwa upindo wa kanga.

"Alikuuliza umeshakula. Mume wangu akasema bado. Basi baba akaniita mimi kwa ukali, akasema, mpe mwenzio chakula, katoka mbali."

Akasema hakuwa na budi. Alikwenda jikoni akapakua ugali na kisamvu, maana hakukuwa na kingine, akaleta sinia mpaka kitandani. Shemeji akakaa chini akala chakula changu, na kila tonge analitafuna kwa sauti ili baba asikie. Baba akawa anasikiliza. Hakuruhusu sinia liondolewe mpaka alipoambiwa mwanao ameshiba.

Nilimwangalia dada yangu. Amezeeka, na mimi sikuwepo akizeeka, ingawa kutoka kwangu mpaka kwake ni mwendo wa kumaliza miwa miwili.

Nikamwambia, "Dada, mimi bado sijala."